Mikono tumenawa, mdomo haukutajwa

Aprili 2020 niliingia kwenye kilabu cha pombe ya mtama pembezoni mwa jiji la Dodoma. Sikwenda kunywa. Nilikuwa namtafuta fundi aliyechukua hela yangu ya kupaua kisha akazima simu, na kila niliyemuuliza alininyooshea kidole upande uleule. Mlangoni, kama miti miwili na turubai kuukuu vinastahili kuitwa mlango, palikuwa na kibuyu chirizi: dumu la lita 5 limening'inizwa kwenye kijiti, kamba inashuka hadi kwenye ubao wa kukanyagia, na kipande cha sabuni ya mche kimefungwa ndani ya wavu wa vitunguu. Mama mwenye kilabu alisimama pembeni yake kama askari wa geti la Bunge. Hupiti bila kunawa. Nilinawa, nikampongeza.

Ndani, kivulini, wazee sita walibanana kwenye benchi moja. Kata ya kunywea ilikuwa moja. Wa kwanza anapiga funda, anafuta ukingo kwa kiganja kilichonawishwa vizuri kabisa, anampa wa pili. Ikifika kwa wa sita inarudi ilikotoka. Niliwaamkia, halafu nikashindwa kujizuia, nikamuuliza aliyekuwa karibu nami: babu, na korona hii mnachangia kata? Akanitazama kwa upole. "Mikono tumenawa, mjukuu wangu. Mdomo haukutajwa redioni."

Jibu hilo limenikaa kichwani miaka yote hii, maana mzee hakuwa anatania. Alikuwa ametii. Redio ilisema nawa kwa maji tiririka na sabuni, akanawa. Ilisema vaa barakoa, na barakoa yake ilikuwepo, imeshushwa kidevuni ili kata ipite. Ilisema epuka misongamano, akadhani wanaambiwa watu wa Kariakoo. Kuhusu kata hakuambiwa lolote. Kumweleza habari za kata kungekuwa kukiri kwamba yupo kilabuni saa nne asubuhi na kwamba kesho atakuwepo tena, na watoa elimu wetu hawakuwa tayari kukiri hivyo hadharani. Kwa mnywaji tuna neno moja tu: acha. Kwa mtumiaji wa unga tuna mawili: acha, na jela.

Wataalamu wa dawa za kulevya wana njia nyingine wanayoiita kupunguza madhara. Si jambo geni kwetu. Hutajwa katika mipango ya nchi pamoja na kuzuia upatikanaji wa dawa hizo na kupunguza uhitaji wake. Maana yake ni nyepesi. Kama mtu hawezi au hataki kuacha leo, basi afike kesho akiwa hai, hajaambukizwa na hajaambukiza. Kwa heroini tumejaribu, na nitafika huko. Kwa pombe, kinywaji cha harusi, misiba, mavuno na mnada wa Msalato, hatujajaribu kwa dhati, na janga la korona lilituonyesha pengo hilo lilivyo pana.

Tukumbushane mazingira. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini tarehe 16 Machi 2020, siku iliyofuata shule zikafungwa. Takwimu zilikoma kutangazwa mwanzoni mwa Mei zikiwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21. Vyuo na kidato cha sita wakarudi darasani tarehe 1 Juni, shule nyingine tarehe 29. Hatukufungiwa ndani. Masoko, daladala na vilabu vingi viliendelea. Majirani walikwenda njia nyingine: Kenya walifunga baa na kuweka amri ya kutotoka usiku, Uganda walifunga baa Machi 2020 na hawakuzifungua hadi Januari 2022. Afrika Kusini walikwenda mbali zaidi, wakapiga marufuku hata kuuza pombe madukani kuanzia tarehe 27 Machi hadi 1 Juni 2020, wakarudia Julai, wakarudia tena mwishoni mwa Desemba.

Wapo wanaoniambia kwamba sisi tulitumia busara. Mimi naona tulibahatika tu, kwa sababu hakuna aliyekaa chini akapima faida na hasara za kuacha vilabu wazi. Upimaji wenyewe si rahisi. Afrika Kusini, kila pombe ilipozuiwa, wodi za majeruhi zilipungukiwa na watu: visu vilipungua, ajali zilipungua, vitanda na wauguzi wakapatikana kwa wagonjwa wa kifua. Anayedharau faida hiyo hajawahi kukaa mapokezi ya hospitali usiku wa mwisho wa mwezi. Upande wa pili, mananasi yalipanda bei kwa sababu watu walikuwa wanayachachusha nyumbani, na magendo yakashamiri. Pombe ilihama baa ikaingia jikoni. Ikiingia jikoni, anayepigwa hana jirani wa benchi wa kumwamulia.

Turudi kwa fundi wangu. Nilimkuta nyuma ya kilabu, amejilaza kwenye gunia. Nikampa masharti: pombe unaacha leo, unalala kwangu stoo, hadi bati la mwisho lipigwe msumari. Nilijiona mtu mwema. Nikaongezea na somo la afya, kwamba akiacha pombe kinga ya mwili itapanda na korona haitamgusa. Akakubali, na kwa heshima yake niseme kwamba alitimiza ahadi kuliko nilivyotegemea.

Siku ya kwanza alifanya kazi huku jasho linamtoka kama kamwagiwa maji, nikasema ni jua la Dodoma. Siku ya pili asubuhi alishindwa kushika msumari. Mikono ilikuwa inacheza. Mchana akaanguka degedege pale uani, kwa bahati kabla hajapanda ngazi. Usiku wa siku ya tatu alikuwa anapangusa siafu mikononi, siafu ambao sisi wengine hatukuwaona, na mwili ulikuwa wa moto. Majirani walichungulia juu ya ukuta wakasema korona hiyo, wakafunga madirisha. Mmoja alisema katupiwa jini. Bodaboda wa kwanza akagoma kumbeba. Tulimfikisha hospitali kwa bajaji saa nane usiku, na daktari aliyempokea aliuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria: mara ya mwisho amekunywa lini?

Alipona. Bati langu lilimaliziwa na mwingine. Mimi nilibaki na fundisho kwamba nilikaribia kumuua mtu kwa nasaha.

Kilichompata kina maelezo ambayo kila kituo cha afya kinayajua na mtaani hatuyajui. Pombe huupoza ubongo. Mtu akinywa sana kila siku kwa miaka, ubongo wake hujizoesha kukanyaga mafuta muda wote ili kushindana na breki ile. Ukiiondoa pombe ghafla, breki imetoka na mguu bado uko kwenye mafuta. Kati ya saa 6 na 24 huanza kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, usingizi kukata. Degedege likija, mara nyingi huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wapo wanaochanganyikiwa, wakaona wadudu na kuongea na wasiokuwepo, homa na presha vikapanda. Hatua hiyo, bila tiba, inaua. Hospitali wana dawa, zile za jamii ya diazepamu, wanazompa mtu na kuzipunguza siku hadi siku, pamoja na vitamini B1 ambayo mnywaji wa muda mrefu huwa amepungukiwa sana.

Mtaani tuna neno la hatua za awali za ugonjwa huu, ila tunalichukulia kama utani. Tunasema kuzimua. Anayezimua mara moja baada ya harusi ana kichwa kinachomuuma tu. Anayehitaji kuzimua kila asubuhi ili mkono uweze kushika kikombe cha chai, huyo tayari mwili umefungwa mnyororo, na ukimwambia "acha leo" unamwambia jambo ambalo hata daktari asingemwambia. Ashuke polepole kwa siku kadhaa, ale, anywe maji, asiwe peke yake. Aliyewahi kuanguka degedege au anayeanza kuona visivyoonekana si wa kuhudumiwa nyumbani hata kidogo.

Haya yana uhusiano wa moja kwa moja na janga. Kufunga maduka ya pombe ghafla ni kuwaambia maelfu ya mafundi wangu "acha leo" kwa siku moja. Jimbo la Kerala huko India lilionja hili Machi 2020. Pombe ilipokosekana, kukaripotiwa watu waliojiua na walioanza kuchanganyikiwa, hadi serikali ya jimbo ikaamua kwamba mwenye cheti cha daktari auziwe kiasi maalumu. Madaktari wakapinga kuandikia watu pombe, na tarehe 2 Aprili mahakama kuu ya huko ikasimamisha uamuzi. Nadhani pande zote mbili zilikuwa na hoja. Kilichokosekana ni maandalizi ya wiki chache nyuma: dawa za kutosha kwenye vituo vya afya na wahudumu wanaojua kuuliza lile swali la daktari wa saa nane usiku.

Na sisi hapa, ambao hatukufunga, tulipata sura nyingine ya tatizo hilohilo. Mwaka ule mtu mwenye homa na kuchanganyikiwa alikuwa wa kufichwa. Familia ziliogopa hospitali kuliko zilivyoogopa ugonjwa. Wapo waliotetemeka ndani wakipewa nyungu, tangawizi na limau kwa ajili ya kitu ambacho si korona.

Gongo nayo ilipata umaarufu wake. Uvumi ulikuwa mwepesi kuelewa, ndiyo maana ulisambaa: sanitaiza ni spiriti, spiriti inaua kirusi, gongo ni spiriti, basi tupige gongo kikae sawa kooni. Mantiki yake inaishia kwenye ngozi. Kitakasa mikono kinahitaji kilevi cha asilimia 60 au zaidi na kinakaa juu ya kiganja. Ukinywa, kinaingia kwenye damu, na kirusi kilichoko kwenye mapafu hakikutani nacho kwa nguvu hiyo hata siku moja. Kinyume chake, unywaji mzito hudhoofisha ulinzi wa mapafu, na walevi wa kudumu wamejulikana kuugua nimonia kuliko wengine tangu zamani, kabla korona haijasikika.

Nchini Iran uvumi wa aina hiyo uligeuka makaburi. Mamlaka zao zilihesabu watu 728 waliokufa kwa pombe ya sumu kati ya tarehe 20 Februari na 7 Aprili 2020, wakati mwaka mzima uliotangulia walikuwa 66. Sumu yenyewe ni methanoli, ndugu wa karibu wa kilevi cha kawaida kwa harufu na ladha. Mwili huibadili kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho kwanza. Mwanzoni mtu hulewa kama kawaida. Saa 12 hadi 24 baadaye ndipo anasema anaona ukungu, na kwa wakati huo wenzake wameshatawanyika na chupa imeshatupwa.

Hapa niwe mwangalifu, maana wapishi wa gongo watanishambulia na watakuwa na haki kiasi. Gongo inayopikwa kwa nafaka au sukari huwa na methanoli kidogo. Vifo vya halaiki, mara nyingi, vinatoka kwa mfanyabiashara wa kati anayeongeza spiriti ya viwandani ili dumu moja liwe mawili. Na mwaka wa janga, spiriti na vitakasa mikono visivyoeleweka asili yake vilikuwa vimezagaa kuliko wakati wowote. Ujumbe wa kumwokoa mnywaji ulikuwa sentensi mbili: usinywe gongo ya mtu usiyemjua, na ukiona ukungu kimbilia hospitali useme ukweli umekunywa nini. Sentensi hizo ni ngumu kutamkwa na serikali kwa sababu gongo ni kosa la jinai. Sheria inaiita moshi, ile ya mwaka 1966. Mtaani ina majina mengine yanayobadilika kila mgambo akihamishwa. Mgonjwa anayejua kwamba kutaja alichokunywa kunaweza kumfikisha polisi atasema amekula samaki mbovu, na daktari atatibu samaki.

Sisemi gongo ihalalishwe. Viroba vya pombe kali vilipopigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017 nilishangilia, na ningeshangilia tena, kwa sababu kilevi kikali cha bei ya peremende mfukoni mwa mwanafunzi hakikuwa na utetezi. Ninachosema ni kwamba kitandani hospitalini pasiwe na polisi. Mtu akishafika na macho yenye ukungu, kesi yake ni ya macho na ubongo.

Kwa upande wa heroini tuko mbele kuliko tunavyojisifu. Tanzania ilianza kutoa methadoni, dawa ya kumtibu mtumiaji wa heroini, pale Muhimbili mwaka 2011, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado zinabishana kama mtumiaji anastahili tiba. Dodoma tuna kliniki Itega, chini ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ambayo jina lake bado linatumika mtaani kutukania watu, aibu ambayo ingestahili makala yake yenyewe. Methadoni ni dawa ya maji. Inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, inazuia arosto, yale mateso ya kukosa dawa, bila kumlewesha mtu aliyeizoea, na kwa kawaida inanywewa mbele ya mhudumu kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Anayeishi Nala au Ihumwa, pembezoni mwa jiji, hesabu yake ya nauli ni ya siku 30 kwa mwezi.

Fikiria sasa foleni hiyo wakati wa korona. Tunawaambia watu kaeni mbali na misongamano, na tunawaambia hawahawa njooni kila siku, mpande daladala mbili, msimame mstari mmoja. Mwenye kikohozi aje? Asipokuja, kesho arosto inaanza: mifupa inauma, tumbo linakatika, makamasi, kutapika, siku zinazohesabiwa kwa saa. Arosto ya heroini inatesa ila mara chache inaua yenyewe. Kinachoua ni kinachofuata. Mtu aliyekaa wiki bila kitu mwili wake umeshasahau kipimo cha zamani. Akirudi kwenye kete zilezile, pumzi inapungua hadi inasimama, na akiwa amechanganya na pombe au dawa za usingizi inasimama mapema zaidi. Kama mapafu nayo yana korona, hesabu unaijua.

Marekani, Machi 2020, waliruhusu wagonjwa waliotulia kwenye tiba wapewe dozi za kwenda nazo nyumbani hadi za siku 28, na wasiotulia sana hadi 14. Hofu ilikuwa kubwa kwamba methadoni itauzwa na kuua. Watafiti walipoangalia baadaye, sehemu ya vifo vya kuzidisha dozi iliyohusisha methadoni haikupanda kama ilivyohofiwa, na mwaka 2024 unafuu huo wakaufanya wa kudumu. Siamini tunaweza kuinakili siku 28 tukaileta kwenye chumba kimoja cha kupanga cha Chang'ombe chenye watoto wanne na ndoo moja ya maji. Dozi ya mtu mzima inaweza kumuua mtoto, na mtoto hunywa chochote kilicho kwenye kichupa. Lakini kati ya siku 28 na siku sifuri kuna namba nyingi. Siku mbili au tatu, kwa mgonjwa ambaye hajakosa kliniki miezi kadhaa, kwenye kikasha chenye kufuli, zingepunguza foleni kwa kiasi kikubwa. Na ndugu wa mtumiaji angefundishwa kumlaza ubavu, kumwita asikie, na pale inapowezekana awe na naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ndani ya dakika chache. Hizi ni kanuni za kuandikwa mapema, wakati hakuna janga. Gonjwa likishaingia kila mtu anaogopa kutia saini.

Pombe haina Itega yake. Ina mama mwenye kilabu.

Nimemfikiria mama yule kwa muda mrefu. Hakuweka kibuyu chirizi kwa mapenzi ya sayansi. Aliogopa mgambo wasije wakamfungia, na kilabu kikifungwa mtama uliokwisha kuota kimea hauwezi kurudishwa gunia. Upishi wa pombe ya mtama ni wa siku kadhaa: kuloweka, kuotesha, kuanika, kusaga, kupika, kuchachusha. Ukimfungia siku ya tano umechukua mtaji wake wote, na mtaji huo ndio ada, daftari na sare. Mwaka ule shule zilipofungwa, wanawe watatu walishinda palepale kilabuni, mdogo akipokea hela, mkubwa akichota. Miezi mitatu hivi. Kwenye mijadala yote ya kufunga shule sikumsikia mtu akiuliza watoto wa wapika pombe watakuwa wapi mchana.

Ila mtazame kama mtumishi wa afya asiye na mshahara. Anajua nani amekuja anatetemeka na nani hajala tangu jana. Anajua nani ameshuka kwenye basi la Dar es Salaam usiku. Daftari lake la madeni lina majina ya waliokaa kwenye benchi lile, siku kwa siku, jambo ambalo wafuatiliaji wa wagonjwa hulitafuta kwa tochi kila mlipuko unapotokea. Halmashauri inamfahamu, maana ushuru inachukua. Bwana afya anamfahamu, maana humtembelea, mara nyingi kwa faini.

Kama ningepewa nusu saa na walioandaa matangazo ya 2020, ningewaomba waende kwake na jambo dogo sana. Kata ibaki ya kupimia, kila mtu anywee chombo chake, aje nacho kutoka nyumbani kama anavyokuja na fimbo yake. Benchi mbili badala ya moja, na zikae nje. Uji au viazi viwepo ili mtu asinywe tumbo tupu. Na mama aelezwe dalili tatu tu za mtu asiyefaa kurudishwa nyumbani: anayeanguka degedege, anayeona visivyokuwepo, anayesema macho yana ukungu. Aambiwe pia namba ya kupiga, na ahakikishiwe kwamba akipiga hatakuja mgambo. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu halinunuliki dukani.

Kuna watakaosema kumfundisha mlevi kunywa kwa usalama ni kumbariki. Nimeisikia hoja hiyo msikitini, kanisani na kwenye kikao cha mtaa, na naiheshimu inapotoka kwa mtu aliyezika kaka yake kwa pombe. Ninachoweza kumjibu ni kwamba wale wazee sita walikuwa wanarudi nyumbani jioni, kwa wake zao na wajukuu zao wasiokunywa tone. Kata ile ilikuwa inaingia kwenye nyumba sita.

Machi 2023, wiki ambayo Marburg ilitangazwa Kagera, nilipita tena kilabuni pale. Ugonjwa ule unasambaa kwa majimaji ya mwili, na mate ni mojawapo, kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kutazama benchi kwanza. Kijiti cha kibuyu chirizi kilikuwepo, kimetundikwa redio. Kata ilikuwa ileile, ufa wake umezibwa kwa nta. Mama alinikumbuka, akaniuliza hali ya fundi, halafu akaingia ndani akatoka na mfuko. Alikuwa na vikombe 12 vya plastiki alivyonunua kwa hela yake Mei 2020, baada ya mteja mmoja kufariki kwa kifua. Wateja walivitumia kama wiki tatu, akasema, kisha redio ikatangaza ugonjwa umekwisha na kila mtu akaitaka kata. Hakuvitupa. Anavipimia karanga, kikombe shilingi 500.